Nimelipa elfu 15 kuangalia Magic Trip, nikapewa picha kivyake na sauti kivyake

Wakuu habari za jioni. Mods naombeni huu uzi msiupeleke jukwaa la burudani, mimi sijaburudika, nina hasira toka Jumamosi usiku na leo ni Jumatano.

Ukumbi sitaji, waandaaji sitaji, wenyewe wanajijua na nina uhakika humu wamo. Walitangaza wiki nzima kwenye mastatasi yao kwamba wataonyesha Magic Trip, ile dokumentari ya 2011 ya Alex Gibney na Alison Ellwood, kiingilio elfu 15 na soda moja. Mimi hii filamu niliwahi kuiona mara moja tu, kwenye simu, kioo chenyewe kimepasuka kona. Kwa hiyo kusikia itawekwa kwenye projekta na spika kubwa nikaahirisha kazi ya watu nikaenda. Na kazi yangu ni sauti, mwaka wa 11 huu nafunga maspika na maiki kwenye maharusi na mikutano, ndo maana hii kitu imeniuma kuliko ingemuuma mtu mwingine.

Kwa ambao hamuijui. Mwaka 1964 mwandishi Ken Kesey wa Marekani, ameshapata jina kwa riwaya yake ya kwanza na ya pili ndo inatoka, akanunua na wenzake basi chakavu la shule la mwaka 1939, wakalipaka rangi za kila aina, kibao cha mbele wakaandika Furthur, wakimaanisha Further yaani mbele zaidi, na spelingi yenyewe wamekosea, wakatoka California mwezi wa 6 kwenda New York kwenye Maonyesho ya Dunia. Vijana waliochoka na maisha ya baba zao. Dereva Neal Cassady, yule yule ambaye Jack Kerouac alimfanya shujaa wa riwaya yake kwa jina la bandia. Njiani LSD, ile dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone visivyokuwepo, inanyweka kama juisi, na wakati huo sheria ilikuwa bado haijaikataza. Kila kitu wakakishuti wenyewe kwa filamu ya milimita 16, wakitaka watoke na sinema yao.

Sasa hapa ndo penyewe. Walikuwa hawajui kushuti. Kile kibao cha kugonga pa! mbele ya kamera ili baadaye mtu wa kuediti ajue sauti hii ni ya picha ipi, hawakukitumia. Kinasa sauti kikawa kinakula umeme wa jenereta ya kwenye basi, umeme unapanda unashuka, na kanda nayo mara inakimbia mara inasinzia. Mtu yeyote aliyewahi kufunga mashine kwenye jenereta bovu anaelewa naongelea nini. Wakarudi nyumbani na masaa na masaa ya picha na masaa ya kanda na havikubaliani, wakajaribu kuunga miaka na miaka wakashindwa, makopo yakabaki kwa Kesey huko Oregon. Kesey akafariki Novemba 2001 sinema bado haijaisha. Kina Ellwood wakaja kukaa na ule uchafu kipande kwa kipande mpaka mdomo wa mtu na maneno yake vikakutana. Miaka 47 toka basi liondoke!

Halafu wewe muandaaji unakuja kuuachanisha tena kwa usiku mmoja, kwa sababu umeshindwa kununua kebo.

Ndiyo, kebo. Walikuwa na laptopu, projekta, na sabufa moja kubwa yenye mataa mataa imeunganishwa kwa bluetooth. Kila mtu wa sauti anajua bluetooth inachelewesha, na ile ilikuwa inachelewesha vibaya mno. Cassady anaendesha, shati hana, anaongea bila kupumua (ndivyo alivyokuwa, hanyamazi), basi mdomo unafunga ndo neno linatoka, mdomo unafunguka kwenye neno jingine la mwanzo halijaisha. Nikavumilia dakika kama kumi, nikainuka taratibu nikamfuata kijana aliyekaa na laptopu, nikamwambia mdogo wangu sauti yako inachelewa, huna kebo hapo tuchomeke? Hakuniangalia hata usoni, akasema, "Kaka tulia, filamu ya zamani hiyo, ndo ilivyo."

Ndo ilivyo! Yaani kazi ya watu, kazi nzima ilikuwa ni kuhakikisha haiko hivyo, na wewe uliyeshika kipanya ndo unaniambia ilivyo. Nikamwelekeza kwenye setingi za programu anayochezea kuna sehemu unaisogeza sauti mbele, ni sekunde tano tu, akaniambia nitaharibu.

Na hayo ni ya fundi. MC je? Kuna sehemu mle ndani inasikika sauti ya Kesey mwenyewe, ilirekodiwa kwenye hospitali ya wanajeshi wa zamani huko Menlo Park, California, alipojitolea kwenye majaribio ya dawa, anapewa LSD na anaelezea anachokiona. Majaribio yale hela ilikuwa inatoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa siri. Ile sauti ndo chimbuko la safari yote, serikali ndo ilimuonjesha kwanza, na ni kanda halisi, unamsikia mtu akiwa humo humo ndani. MC akashusha sauti! Akashika maiki akaanza kutuambia hawa ni wavuta bangi wa kizungu waliokosa kazi ya kufanya, na ukumbi ukacheka. Sikulipa elfu 15 kusikiliza MC.

Halafu wakaanza kuruka vipande vya filamu. Houston wameruka. Houston ndo pale dada mmoja waliyekuwa naye akili zilimruka kwa dawa, anashuka kwenye basi hana nguo anamkumbatia mtoto wa mwenyeji wao akidhani ni wake aliyemuacha nyumbani, anaishia hospitali, na wenzake wakaendelea na safari. Ukitoa pale unabakiwa na rangi na kelele. New Orleans nako wakaruka, pale wanapoingia ziwa Pontchartrain kuogelea kumbe ni upande waliotengewa weusi, na wao ni wazungu watupu, furaha ikawaishia pale pale. Kiangazi cha 1964 hicho, Julai ndo Marekani inasaini sheria ya haki za raia, ya kukataza ubaguzi wa rangi. Sisi tuliokaa mle ukumbini, weusi wote, tulitakiwa kuiona ile sehemu kuliko mtu yeyote. Nikauliza kwa nini unaruka, kijana akajibu inachosha.

Wakafika New York, Kerouac anaonekana kakaa kwenye kochi amenuna, umri umemwendea na haya mambo ya vijana hayataki tena, kijana akafunga laptopu. Saa 4 na nusu, eti mwenye ukumbi anataka kufunga. Filamu ya dakika 107, sisi tumeona kama saa moja, watu wakapiga makofi wakaenda zao wakijua ndo imeisha.

Nilipoomba nirudishiwe hela nikaambiwa si soda umekunywa.

Hela kaeni nayo. Ninachotaka ni hii filamu ionyeshwe tena yote, MC akae pembeni, na wale waliokuwepo Jumamosi waingie bure. Kebo nitakuja nayo mimi, ile ya pini ndogo ya laptopu kwenda RCA mbili, zile plagi mbili za kuchomeka kwenye spika, mita tano, ninayo kwenye begi muda wote. Na mwingine aliyekuwepo usiku ule aandike hapa chini, maana wameshaanza kusema mtu aliyelalamika ni mmoja.