Je, Mteja Aliyenyamaza Afutwe Kwenye Orodha ya Matangazo?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mbele yetu ni hili: mtu aliyetupa anwani yake ya barua pepe kwa hiari, kisha akakaa mwaka mzima bila kufungua wala kubofya chochote, abaki kwenye kanzidata au aondolewe? Wanaotaka abaki wanasema kila anwani ilipatikana kwa gharama, na kwamba aliyenyamaza leo huenda akanunua kesho. Mimi nasimama upande wa kuondoa, lakini si kwa namna inavyofanywa na wengi.

Hoja ya gharama haina uzito, kwa sababu anayekerwa na barua zetu akaziripoti kuwa taka huwaponza hata wanaozipenda. Sifa ya mtumaji ikishachafuka, barua ya mteja anayeisubiri huishia kwenye folda ya barua taka pamoja na nyingine zote. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma takriban barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wahakikishe malalamiko hayafikii asilimia 0.3, yaani barua 3 katika kila 1,000. Tena, baadhi ya anwani zilizotelekezwa hugeuzwa mitego ya kuwanasa wasiosafisha orodha zao.

Ila tunamjuaje aliyenyamaza? Mfumo huhesabu kwamba barua imefunguliwa pale kijipicha kisichoonekana kilichomo ndani yake kinapopakuliwa. Mwaka 2021 Apple ilianza kupakua picha hizo yenyewe kwa watumiaji wa programu yake ya barua waliowasha kinga ya faragha, hivyo barua ambayo hakuna aliyeitazama huonekana imesomwa, ilhali aliyezuia picha anaweza kusoma kila neno na asionekane kabisa. Tuliwahi kumwondoa mama mmoja ambaye ripoti ilionyesha hajafungua barua kwa miezi 14. Baada ya wiki chache alipiga simu kuuliza kulikoni, kwani alikuwa akiichapa kila barua kwenye karatasi, akizungushia kalamu anachokitaka, kisha akiagiza kwa simu. Maagizo yake yote yalikuwemo kwenye daftari la mauzo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kulitazama. Jambo hilo linanisikitisha hadi leo.

Kwa hiyo ninashauri tutazame kwanza manunuzi na simu, kisha tumwandikie mhusika barua moja ya kumuuliza waziwazi kama bado anataka kuhudumiwa, na asipojibu tuache kumtumia.

Kuacha kutuma, hata hivyo, si sawa na kufuta. Tukimfuta kabisa mtu aliyejiondoa, tunafuta pia kumbukumbu ya kukataa kwake, na siku mfanyakazi atakapopakia jedwali la zamani, anwani ile itarudi kama mpya. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 25, 2018, inakataza kuhifadhi taarifa za mtu kwa muda unaozidi haja. Nadhani tutaiheshimu tukifuta jina, tarehe ya kuzaliwa na mengineyo, na kubakiza anwani tu kwenye orodha ya wasiotumiwa.

Wanaotaka kila anwani ibaki naomba wanijibu: ni barua ngapi mtu asiyejibu atumiwe kabla hajaulizwa kama bado anazitaka?