RAV4 ya 2007 au X-Trail ya 2008, zote otomatiki: ipi itavumilia milima ya Bukavu?

MtotoWaPanzi
Wandugu, jambo. Nimeonyeshwa gari mbili hapa Bukavu, zote zilitoka Japani kupitia Dar es Salaam, na muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Moja ni Toyota RAV4 ya 2007, nyingine Nissan X-Trail ya 2008. Zote otomatiki, zote safi, bei karibu sawa. Nimezoea gia za mkono, hii itakuwa otomatiki yangu ya kwanza. Nichukue ipi? Na sevisi ya giaboksi yake inakwendaje?

FundiWaNguba
Yale ya lazima umeyaacha. Injini lita ngapi? Imetembea kilomita ngapi? Inavuta magurudumu mawili ao manne? Utaiendesha mjini tu, ao utashuka nayo mpaka Uvira? Bila hayo hakuna anayeweza kukushauri.

Halafu tafuta kibati cha gari. Kiko kwenye nguzo ya mlango, ao ndani ya boneti, kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Andika hapa mstari wa MODEL na ule wa TRANS. Muuzaji anaweza kukuambia lolote, kibati hakibadilishi maneno.

MamaFuraha
Achana na zote mbili. Tafuta RAV4 ya zamani, ile ya 2000 hadi 2005, yenye giaboksi ya gia nne. Yangu inapanda Kadutu kila siku na mzigo wa soko, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Sijawahi kuifungua giaboksi, ni mafuta tu nabadilisha.

MtotoWaPanzi
Aksanti muzee, aksanti mama. RAV4 ni 2.4, mita inasoma 98,000. X-Trail ni 2.0, mita 121,000. Zote zinavuta manne. Natoka Panzi kwenda kazini Nyawera kila asubuhi, wikendi napanda Walungu kwa wazazi. Kibati cha RAV4 kimeandikwa ACA31W-ANXSK. Cha X-Trail sikukiona, gari ilikuwa imefungwa.

FundiWaNguba
Sasa tunaongea. Tazama herufi ya tatu baada ya kistari: X. Kwa Toyota hiyo ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kawaida. Ingekuwa P, ni otomatiki ya gia nne. RAV4 za umbo hilo zilizouzwa Japani zilifungwa CVT, bwate (giaboksi) yake inaitwa K112F. Zilizouzwa nchi nyingine nyingi zilikuja na gia nne za kawaida. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana watu wanabishana bure barabarani kwamba RAV4 ya 2007 iko hivi ao vile. Na X-Trail ya 2008 yenye injini ya 2.0 ya petroli, kama ni otomatiki, nayo ni CVT. Kwenye kibati utakuta RE0F10A. Kwa hiyo unalinganisha CVT na CVT.

Ndani ya CVT hakuna gia zinazobadilishana. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinapanuka na kusinyaa, na presha ya mafuta ndiyo inaubana mkanda usiteleze. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, presha inakuwa kubwa, mafuta yanachemka, kisha kompyuta inapunguza nguvu ya injini ili kulinda bwate. Mutu anadhani injini imechoka, kumbe ni mafuta ya bwate.

DerevaWaNgomo
Hayo ya kuchemka nimeyaona kwa macho yangu, na nitayaeleza yote kwa sababu sitaki ndugu mwingine apitie hapo.

Nilikuwa na X-Trail ya umbo hilohilo. Kabla ya safari ya Uvira niliipeleka garaji moja hapa mjini kwa vidanje, yaani kubadilisha mafuta, ya injini na ya giaboksi. Fundi akatoa mafuta ya giaboksi, akamimina yale mekundu ya otomatiki za kawaida kutoka kwenye dumu kubwa ambalo kila gari pale inatiliwa. CVT ya gari ile inataka mafuta yake yenyewe, yameandikwa NS-2. Mimi nililipa nikijua kazi imefanyika.

Mjini ilitembea vizuri. Kushuka mpaka Uvira, vizuri. Kurudi, tukiwa watu watano na magunia ya mchele nyuma, tulipoacha Kamanyola na kuanza kupanda Ngomo ikaanza kulia, sauti nyembamba inayopanda. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda juu, mwendo unashuka. Kisha harufu ya kuungua, kisha taa ikawaka, na gari ikawa inakwenda kama mtu mwenye maji magotini. Wote mnaijua ile njia: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na malori nyuma yanapiga honi. Dereva mmoja wa lori alijitolea kunivuta kwa kamba. Nilikataa, kwa sababu gari ya 4x4 otomatiki haivutwi magurudumu yakiwa chini, itamaliza kilichobaki. Tulipumzika, ikapoa, tukasogea, ikachemka tena, mpaka giza likatukuta njiani na watoto.

Giaboksi ilipofunguliwa Bukavu, beseni lake la chini lilikuwa na unga wa chuma umejaa kwenye sumaku, na puli zimechanika mistari. Nikanunua giaboksi nyingine iliyotumika. Yule fundi mpaka leo anasema gari ilikuja mbovu. Mimi nasema ni yale mafuta, na fundi wa pili alisema hivyohivyo.

Kalamu_Ibanda
Pole sana kaka. Lakini tusiwape mafuta lawama zote. Kule Marekani kampuni yenyewe ya Nissan iliongeza garantii ya CVT zake za 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000, sawa na kilomita kama 193,000. Hawakufanya vile bila sababu. Ndugu wa Panzi, kati ya hizo mbili mimi ningeegemea Toyota.

Na mama Furaha, RAV4 ya zamani nayo ina yake. Zile za Japani, ACA21W, nyingi zina injini ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa petroli tunayouziwa kwenye madumu, pampu na sindano zake za kupulizia zinateseka.

MamaFuraha
Nanunua petroli kituoni, si kwenye dumu. Injini haijanisumbua.

FundiWaNguba
Niongeze kwa wanaotaka ya zamani: zile zilizouzwa Marekani za 2001 hadi 2003 zilikuwa na ugonjwa wa kompyuta ya injini. Gia inagonga ikitoka ya kwanza kwenda ya pili, watu wanafungua bwate wakati bwate haina kosa. Ukiendelea kuiendesha inagonga, bwate nayo inakufa. Ukikuta gari ya usukani wa kushoto ya miaka hiyo inagonga, usikimbilie kushusha bwate.

Simba_wa_Gia
Ndugu zangu, kwa nini tunajitesa? Bukavu ni mji wa milima. Gia za mkono unashuka Kadutu na gia ya pili, breki zinapumzika, klachi ikiisha kila fundi anaweza kuibadilisha. Nunua ya mkono ulale usingizi.

DerevaWaNgomo
Otomatiki pia unashuka na gia ya chini. Weka L, au 2 kama ni ya gia nne. Tatizo ni wale wanaoweka N (gia huru) mteremkoni eti wanapunguza mafuta.

Simba_wa_Gia
Wanapunguza kweli. Injini inazunguka polepole.

FundiWaNguba
Hapana. Gari ya sindano ukiachia mguu ikiwa ndani ya gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka N injini inarudi kunywa ili isizime. Na umebaki na breki peke yake kwenye mteremko. Nimeona gari zimemaliza breki kwa mtindo huo, sitanyamaza juu ya jambo hili.

MtotoWaPanzi
Nashukuru wote. Sasa nikienda kuijaribu niangalie nini? Na mafuta ya giaboksi nibadilishe mara nikinunua, au niache? Jirani ananiambia ukibadilisha mafuta ya zamani giaboksi inakufa.

FundiWaNguba
Fika asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie asiiwashe kabla yako. Washa, kanyaga breki, toa P (ya kuegesha) weka R (ya kurudi nyuma), kisha D (ya kwenda mbele). Inapaswa kushika mara moja. Ikichelewa, ao ikigonga, ondoka. Iendeshe mpaka ipate joto, panda nayo mlima wa maana, si barabara ya tambarare anayoichagua yeye. Sikiliza sauti ya kulia, angalia kama mizunguko inapanda bila mwendo. Kisha unganisha mashine ya kusoma kompyuta. Ikionyesha kodi P0868, ni presha ndogo ya mafuta ya bwate, hiyo gari muachie mwenyewe.

Mafuta badilisha, lakini usikubali yasukumwe na mashine kwenye bwate ambayo hujui historia yake. Fungua nati ya chini, acha yatoke yenyewe, pima yaliyotoka, rudisha kiasi kilekile. Kwenye ile ya gia nne hutoka kama lita 3 na nusu hadi 4, mengine yanabaki juu, kwa hiyo rudia baada ya muda. RAV4 yako inataka yaliyoandikwa CVT Fluid TC, si yale ya otomatiki za kawaida. Mimi kwa barabara zetu nabadilisha kila kilomita 40,000. Jirani yako aliona bwate zilizokuwa zinakufa tayari, wenyewe walikumbuka mafuta siku ya mwisho.

Kalamu_Ibanda
Na yale mafuta yenyewe, anunue kopo lililofungwa. Asikubali ya kupimiwa kwenye chupa.

MtotoWaPanzi
Muuzaji amenipigia. Anasema X-Trail imepata mtu mwingine, lakini ana rafiki mwenye RAV4 ya 2003. Sijui kama ni ya usukani wa kushoto.

MamaFuraha
Muulize! Na andika kibati hapa. Muzee wa Nguba, nami nina swali: yangu ni 4x4, yale mafuta ya difu ya nyuma (kile kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ni yaleyale ya giaboksi? Fundi wangu hajawahi kuyagusa.

FundiWaNguba
Hapana mama, ni mengine kabisa, mazito, ya difu, yameandikwa GL-5. Na kuna sehemu ya pili mbele, ubavuni mwa bwate, inayogawa nguvu kwenda nyuma, nayo ina nati zake na mafuta hayohayo ya difu. Mwambie aanze kufungua nati ya kujazia, ndipo ya chini. Ya juu ikikataa kufunguka na ya chini umeshaitoa, gari haitoki garaji.