Naomba ushauri: Zeus mmoja au wawili kwenye faharasa?

Wakuu, faharasa ya miungu ya Ugiriki ya kale inaandaliwa kwa Kiswahili, na utata uko kwenye majina ya sifa, yaani yale yanayoongezwa baada ya jina la mungu. Mwaka 399 KK Xenophon, askari na mwandishi wa Kigiriki, alikuwa ameshamtolea sadaka Zeus, mungu mkuu, kwa jina la Zeus Basileus, yaani Mfalme, lakini hela ya safari ikakosekana. Mtabiri Eukleides akamwambia kinachomzuia ni Zeus Meilichios, Mpole. Kesho yake Xenophon akateketeza nguruwe wazima, bila kubakiza nyama ya kula, na mambo yakamnyookea. Huyo Mpole, kwenye mawe ya Piraeus, bandari ya Athens, ya karne ya 4 KK, amechongwa kama joka lililojikunja!

Nikiwaweka chini ya “Zeus” tu, tofauti ya sadaka na sura inapotea. Nikiwatenga, msomaji atadhani jina halikuwaunganisha. Mawe nayo huandika “Dii Meilichioi”, “kwa Zeus Meilichios”. Asiyejua kuwa “Dii” ni umbo la jina Zeus lenye maana ya “kwa Zeus” husajili mungu mpya aitwaye Dii.

Mnashauri kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kiwe jina na sifa pamoja? Na sifa itafsiriwe, au “Meilichios” ibaki ilivyo?