Tupeane uzoefu: klasi na obijekti au fanksheni tupu kwenye kutengeneza tovuti, wewe yalikukuta yapi?

#1, mleta mada

Wakuu, habari za kazi.

Ubishi wa obijekti (data na fanksheni zake zikifungwa pamoja, klasi ikiwa ramani ya kuziunda) na taratibu (fanksheni tupu, yaani vipande vya kodi vyenye jina, zikiitwa moja baada ya nyingine) tumeusikia sana, na mara nyingi unaishia kwenye kutambiana. Hapa naomba tusimuliane tu. Kama mtindo mmoja uliwahi kukuumiza au kukuokoa, sema ilikuwaje na ulibadilisha nini. Naanza mimi.

Nilikabidhiwa mfumo wa ankara ulioandikwa kwa PHP (lugha ya programu ya upande wa seva) ya hatua kwa hatua: kila ukurasa faili moja, juu unaita kichwa.php, katikati maswali ya databesi, chini HTML ya kuonyesha ukurasa. Ulikuwa umetumika muda mrefu bila shida. Siku moja mteja akalalamika kwamba aliyoyabadilisha kwenye taarifa zake hayaonekani, na mwingine akalalamika kwamba jina lake limegeuka kuwa la mtu asiyemjua.

Nilisoma ukurasa wa kuhariri mteja mstari kwa mstari, sikuona kosa. Mstari wa kwanza unachukua namba ya mteja na kuiweka kwenye kigeu `$id` (kigeu ni jina linaloshika thamani). Wa pili unaita kichwa.php. Chini kabisa kuna `UPDATE`, amri ya kubadilisha rekodi kwenye databesi, inayotumia `$id`. Safi kabisa. Nikaja kufungua kichwa.php usiku. Mwenzangu alikuwa ameongeza kengele ya taarifa mpya, na ndani yake kuna `foreach`, yaani mzunguko unaopita taarifa moja moja na kuweka namba ya kila moja kwenye `$id`. Faili likiitwa kwa `include`, vigeu vyake vinaingia palepale ulipoliitia. Mzunguko ukiisha, `$id` haina tena namba ya mteja, imebaki na namba ya taarifa ya mwisho. Kwa hiyo tulikuwa tunamhariri mteja ambaye namba yake imegongana na ya taarifa.

Data tulirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Dawa yenyewe haikuwa klasi. Nilichukua kengele nikaifunga ndani ya fanksheni `chora_kengele()`, na kigeu kinachozaliwa ndani ya fanksheni hakitoki nje. Tatizo likaishia hapo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watu wengi wanaulaumu mtindo wa taratibu kwa kosa la vigeu vilivyoachwa wazi kwa kila faili. Fanksheni zilizoandikwa vizuri ni taratibu vilevile, na zina ukuta.

Haya, wengine.

#2

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilianza na PHP 4, na klasi zilikuwepo, ila zilikuwa na tabia ambayo vijana wa sasa hawajaiona. Ukiipa fanksheni obijekti, ilipokea nakala. Niliandika klasi ya kikapu cha manunuzi, nikatuma kikapu kwenye fanksheni inayoongeza bidhaa. Ndani ya fanksheni nikichapisha, bidhaa tatu. Nikitoka nje, kikapu kitupu! Siku mbili nzima nilidhani hitilafu iko kwenye seshini (kumbukumbu ya mgeni kati ya ukurasa na ukurasa). Dawa ilikuwa kuweka alama ya `&` (ipeleke yenyewe, si nakala) kila mahali, na ukiisahau sehemu moja unarudi kulekule.

PHP 5 ilipotoka mwaka 2004 mambo yakabadilika: obijekti ni ileile popote inapopita, na ukapata `private` na `public` za kweli, za kuamua kipi kiguswe kutoka nje ya klasi na kipi kisiguswe. Kwa hiyo mtu akisema aliachana na obijekti za PHP zamani hizo, mimi namwelewa. Wakati ule alikuwa na haki.

#3

Yangu ni kinyume cha ya mleta mada. Mimi niliumizwa na urithi, yaani klasi kuchukua mambo ya klasi mzazi.

Nilikuwa na klasi `Mtumiaji`, ikazaa `Mfanyakazi`, ikazaa `Mhasibu` na `Mkaguzi`. Ilipendeza kwenye karatasi. Kisha ofisi ikaleta mtu mmoja anayefanya uhasibu asubuhi na ukaguzi mwisho wa mwezi. PHP inaruhusu klasi kurithi mzazi mmoja tu, basi nikatengeneza `MhasibuMkaguzi` na kunakili nusu ya kodi (maandishi ya programu). Miezi michache baadaye akaja mkaguzi ambaye pia anapokea mizigo.

Nikavunja ukoo wote. Sasa kuna `Mtumiaji` mmoja mwenye orodha ya majukumu, na swali linaloulizwa ni moja: `anaweza('kuidhinisha_ankara')`? Bado ni obijekti, ila hazina babu wala mjukuu. Tangu hapo nikiona urithi umefika ngazi ya tatu, nasimama kwanza nimuulize aliyeuandika.

#4

Naleta ya upande wa obijekti kuokoa. Tovuti yetu ilipokea malipo kupitia kampuni moja. Aliyeniachia kazi alikuwa ameandika intafesi (orodha ya kazi ambazo klasi lazima izifanye) iitwayo `Malipo`, yenye mambo mawili tu, `toza` na `rudisha`, na klasi moja inayoitekeleza. Mwanzoni niliona ni usumbufu, kuruka faili tatu ili utoze mara moja.

Tulipoambiwa tuongeze kampuni ya pili, niliandika klasi moja mpya, na ukurasa wa kulipia sikuugusa kabisa. Kilichonifurahisha zaidi ni majaribio: niliandika `MalipoYaUongo` isiyotoza chochote, inaandika tu kiasi ilichoambiwa itoze, nikapima mfumo mzima wa oda bila kugusa fedha ya mtu. Kwa fanksheni tupu inawezekana pia, unaipitisha fanksheni ndani ya fanksheni, lakini vikiwa viwili vitatu vinavyokwenda pamoja, obijekti inavibeba vizuri zaidi.

#5

Nyote mmeongelea PHP. Ngoja niseme la waliohamia Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), maana hapa kuna hatari ambayo haijali mtindo wako.

Kwa kawaida kila ombi (mgeni anapofungua ukurasa) kwenye PHP linaanza upya. Likiisha, vigeu na obijekti vyote vinakufa, na uchafu wako unafagiliwa. Mimi nilizoea hivyo. Nilipohamia Node nikaweka `mtumiajiWaSasa` kwenye kigeu cha juu ya faili, nje ya fanksheni zote. Nikijaribu peke yangu, hakuna shida. Watu wawili walipoingia kwa pamoja, wa kwanza akaonyeshwa oda za wa pili! Mchakato ni uleule unaohudumia wageni wote, na wakati ombi la kwanza linasubiri databesi, la pili lilishaandika juu yake.

Nikaihamishia kwenye klasi nikidhani nimepona. Wapi! Nilikuwa nimeunda obijekti moja tu mwanzo wa programu, na kila ombi linaitumia hiyohiyo. Kilichotibu ni kumpitisha mtumiaji kama hoja (thamani inayowekwa kwenye mabano ya fanksheni) kutoka fanksheni hadi fanksheni, ombi kwa ombi.

#6

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo najifunza. Nina fomu ya mawasiliano, inapokea jina na ujumbe, inakagua, inatuma barua pepe. Mistari kama sitini. Rafiki ananiambia nisipoweka klasi sitaajiriwa. Nifanyeje?

#1, mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Iache hivyo hivyo, ila igawe fanksheni tatu: `soma_fomu`, `kagua`, `tuma`. Kila moja ipokee inachohitaji kwenye mabano na irudishe jibu, isichukue kitu kutoka nje. Siku utakapoona fanksheni nne tano zinapokezana data ileile, mathalani `$oda`, na kila moja inaibadilisha kidogo, hapo andika klasi yako ya kwanza, na iwe ya hiyo oda.

Kuajiriwa, jifunze klasi pia, kwa sababu Laravel na fremu nyingine za PHP (mifumo iliyotayarishwa ya kujengea tovuti) zimejengwa juu yake na utaisoma kodi ya watu kila siku. Ila hiyo fomu usiiguse. Ukishaigawa ilete hapa tuione, hasa hiyo `kagua`.