Tela dogo la kulala kwa njia za vumbi na makorongo: nikague nini kabla ya kulipa?

Korongo_Refu, Arusha

Wakuu, salaam. Natafuta tela la kulala watu wawili, lile lenye umbo la tone la maji: kitanda ndani, jiko nyuma chini ya mlango unaofunguka kwenda juu. Gari ni Prado 150 ya dizeli. Njia nilizolenga ni Mto wa Mbu, Engaruka, Ziwa Natron na kupanda Loliondo, halafu Ruaha wakati wa kiangazi.

Mezani kuna matatu. A: la mtumba kutoka Afrika Kusini, ekseli moja ndefu yenye springi za mabamba, breki za kusukumwa, kilo 620 likiwa tupu, mwisho kilo 900 likiwa limepakiwa. B: la Marekani, kila gurudumu lina mkono wake na mpira badala ya springi, breki za umeme, kilo 750 tupu, mwisho 1,100. C: nimpe fundi wa hapa mjini vipimo achomelee jipya. Bei zinakaribiana. Naomba kujua kipi kinakufa mapema na kwa nini.

Fundi_Chesisi

Mkuu, kagua kuanzia chini kwenda juu. Jiko, godoro na taa utabadilisha wakati wowote. Chesisi na ekseli hubadilishi bila kulifumua tela zima.

Kinachokufa kwanza kwenye barabara zetu ni mkono wa kuvutia, pale unapokutana na chuma cha mbele cha chesisi. Mawimbi ya barabara ya changarawe yanaupinda juu na chini mfululizo, na ufa huanzia ukingoni mwa weldi. Ingia chini na tochi. Ukiona weldi iliyokatiza upana wa chuma, juu au chini, hapo ndipo patakapopasuka. Weldi inayokimbia na urefu wa chuma ubavuni haina tatizo. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi ni ufa tayari, usikubali kuambiwa ni mkwaruzo. Mkono mzuri hauishii kwenye chuma cha mbele, unapita chini ya chesisi kurudi nyuma hadi karibu na ekseli. Kwa C mwambie fundi atumie bomba la mstatili la mm 100 kwa 50 lenye unene wa mm 4. La mm 2 asikuwekee hata likiwa la bure.

Pili, springi. Watu wengi wanadhani springi ngumu ndiyo imara. Springi za tani moja na nusu chini ya tela la kilo 850 hazijipindi kabisa, kwa hiyo kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye bodi: ripiti zinalegea, kabati zinang'oka, friji inakatika miguu. Hesabu mabamba ya A na uliza yamepimwa kwa uzito gani. Kama yanazidi sana uzito wako halisi, toa bamba moja au mawili ya chini na ufunge shokapu. Springi bila shokapu kwenye mawimbi inalirusha tela hadi tairi zinaachana na ardhi.

Mpira wa B unalala vizuri zaidi njiani, na kwa sababu hakuna ekseli inayopita katikati, chini panakuwa juu zaidi, faida kubwa kwenye makorongo. Lakini mpira ukichoka unabadilisha kifaa kizima cha upande huo, na kinaagizwa nje. Bamba likikatika Wasso, kule Loliondo, fundi wa Land Cruiser atakupatia la kukufikisha nyumbani.

Mizani_Kwanza

Naongezea uzito, maana matela ya umbo hili yana ugonjwa wake: jiko lote liko nyuma ya ekseli.

Uzito unaokaa kwenye mpira wa kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari, uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 850 liukalie kwa kilo 85 hadi 128. Ukipungua, tela linaweza kuanza kuyumba kwenye lami ukiongeza mwendo. Sasa piga hesabu: friji, jiko, vyombo na chakula ni kama kilo 90, na vinakaa mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kama toka ekseli hadi mpira ni mita 2.4, hapo umeuondolea mpira kilo 45. Ukining'iniza na madumu mawili ya dizeli kwenye bampa ya nyuma, ndiyo umemaliza kabisa. Ndiyo maana tela lazima lipimwe likiwa limepakiwa. Likiwa tupu litakudanganya.

Kipimo ni rahisi: tela likiwa tambarare, simamisha gogo juu ya mizani ya kupimia watu, ncha ya mkono ikae juu ya gogo kwa urefu uleule wa mpira wa gari. Tangi la maji la lita 60 ni kilo 60, likae mbele kidogo ya ekseli.

Na B, kaka Korongo, angalia kikombe cha kuungia, kile cha ncha ya mkono kinachofunika mpira wa gari. Cha Kimarekani ni cha inchi 2, yaani mm 50.8, na mipira mingi huku ni ya mm 50. Kitagonga njia nzima na kulika. Kwa makorongo ya mshazari ningetoa kikombe kabisa, A au B, nifunge kiungio kinachozunguka duara zima, maana kikombe kina kikomo na tela likiinama zaidi ya hapo mkono unajipinda. Minyororo miwili ya usalama, ipishane chini.

Vumbi_Jeupe

Majivu ya upande wa Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, ni laini, yanapita popote hewa inapopita. Tela likienda, nyuma yake hewa inakuwa pungufu, na mlango wa jiko ndio unaovuta vumbi. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute, rudia kila sentimita 20. Karatasi ikitoka bila kukataa, mpira wa pale haufanyi kazi. Unahitaji mipira ya kuzibia yenye tundu katikati, safu mbili, na vifungo vinavyokaza, siyo kitasa cha kawaida. Halafu toboa tundu la hewa mbele juu, lenye kichujio, lifunguliwe ukiwa mwendoni: hewa ikiingia kwa nguvu, ndani kunajaa na vumbi linasukumwa nje. Ziba pia matundu ya nyaya sakafuni.

Umeme kwa kifupi: toka betri ya gari hadi ya tela tumia waya wa mm za mraba 16. Kwa mita 6 kwenda na 6 kurudi, ampea 20, unapoteza robo ya volti hivi. Kwa waya wa mm za mraba 4 unapoteza volti nzima, na betri haijai.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa majivu. Chumba ni kidogo mno, hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Korongo_Refu

Asanteni sana. Naegemea A. Je, breki za kusukumwa zinatosha kuteremka toka Loliondo? Na tairi?

Fundi_Chesisi

Zinatosha, lakini teremka kwa gia ya chini tangu juu. Breki hizo hubana tela linapolisukuma gari, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu hubana muda wote na madramu yanachemka. Simama katikati yapoe. Ukirudi nyuma kupanda kilima, weka kifungo cha kuzuia, la sivyo zinakaba.

Badilisha habu (vitovu vya magurudumu) ziwe za bolti 6 kwenye duara la mm 139.7 kama Prado, ili spea zako zifae pote. Upana toka katikati ya tairi hadi tairi ukaribie wa gari, mm 1,585. Tela jembamba linajikatia njia yake kwenye udongo wa mbuga na gari linavuta maradufu. Kabla ya kununua rimu hakikisha springi ikijipinda hadi mwisho tairi haigusi bodi. Upepo uanze na psi 28 kwenye lami, 20 kwenye changarawe, 15 kwenye mchanga na mwendo usizidi 40.

Beringi: fungua za habu zote mbili kabla ya safari ya kwanza, osha kwa dizeli, kausha, jaza grisi mpya, weka sili mpya. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, ilegeze, kisha ikaze kwa vidole tu na uweke pini mpya. Soma namba iliyochongwa kwenye beringi na ubebe seti nzima ya upande mmoja. Baada ya kilomita 50 gusa habu: joto la kuvumilika ni sawa, ikikufanya utoe mkono haraka ama umekaza mno au grisi imekwisha.