Taa ndogo ya msafiri: betri ya kutoa, ya kuchomelea ndani, au za dukani? Naagiza wiki ijayo

FundiKikwajuni
Assalam alaykum jamaa. Nnaunda taa ndogo ya safari, ya kuenea kiganjani. Kesi nishaichora, bodi nishaijaribu mezani na inawaka vizuri. Kilichobaki ni betri, na wakala wangu wa Guangzhou anafunga mzigo wiki ijayo. Nimebakiwa na njia tatu:

1. Betri moja ya lithiamu ya 18650, ile ya mviringo iliyo kubwa kidogo kuliko AA, inayotoka, mtu anabadilisha mwenyewe.
2. Betri ya lithiamu fosfati, imechomelewa ndani, kesi imezibwa moja kwa moja.
3. Betri tatu za AA, hizi hizi za saa ya ukutani.

Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi? Naomba mawazo ya watu wanaosafiri kweli.

Chukwani_88
18650. Mjadala umekwisha.

MaalimWaUmeme
Waalaykum salaam. Haujakwisha, bado haujaanza. Ndugu fundi, swali lako hivi lilivyo halijibiki. Msafiri yupi? Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege akaenda zake Paje, au mtu anayepanda boti bandari ya Malindi hapa Unguja kuelekea Mkoani, Pemba? Lumeni ngapi, yaani mwanga kiasi gani? Iwake saa ngapi kwa chaji moja? Itauzwa bei gani? Mvua tu, au mpaka ikitumbukia baharini? Bila ya hayo kila mtu atakutajia taa aipendayo mwenyewe.

BintiWete
Na tundu la chaji ni lipi? Tafadhali usiseme lile la zamani jembamba. Mimi nikisafiri nachukua waya mmoja tu, USB-C, wa simu na wa kila kitu.

FundiKikwajuni
Samahanini, nilikuwa kazini. Nataka iuzwe kwenye nyumba za wageni, na kwa watu wetu wa boti vilevile. Mwanga wa lumeni 100 ukiwa mkali, na wa chini kama 30. Iwake usiku kucha ule wa chini. Bei isizidi shilingi 35,000. Isiingie mvua. Chaji ni USB-C, dada, usiwe na wasiwasi. Rangi ya mwanga ni nyeupe ya kelvini 6500, ile ya kibluu, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu.

MaalimWaUmeme
Sasa tunaweza kuzungumza. Hesabu si ngumu. Betri nzuri ya 18650 ina kama mAh 3,000 (huo ndio ujazo wa betri) kwa volti 3.6, yaani karibu wati-saa 11. LED ya leo ukiilisha wati moja inakupa lumeni 100 bila taabu. Toa kinachopotea kwenye bodi, unabaki na saa tisa hivi za mwanga mkali. Kwa lumeni 30 unavuka usiku mzima, na kesho yake, na keshokutwa inakukuta.

Lithiamu fosfati ya umbo lilelile ina kama mAh 1,500 kwa volti 3.2. Ni wati-saa tano kasoro kidogo, chini ya nusu. Lakini nayo kwa lumeni 30 inafika asubuhi. Halafu inachajika mara 2,000 na zaidi, wakati ile nyengine huanza kuchoka baada ya mara 300 mpaka 500. Na joto hailiogopi kama mwenzake, haishiki moto kirahisi. Kwa taa itakayoachwa dirishani kwenye jua la Jambiani, mimi nachukua fosfati.

Jambo moja ulishike sana: ukichukua fosfati usitumie kile kichipu cha chaji cha TP4056 kilichojaa madukani. Kile kinapandisha mpaka volti 4.2, na fosfati mwisho wake ni 3.6. Utaiua betri. Tafuta TP5000, ile unaichagulia mwenyewe, 4.2 au 3.6.

MtembezaMakangale
Maalim, hesabu yako naikubali, ila hiyo ya kuchomelewa ndani sikubaliani nayo hata kidogo, na nitasema kwa nini.

Mimi kazi yangu kutembeza wageni msitu wa Ngezi. Usiku tunakwenda kumtafuta bundi mdogo wa Pemba, yule asiyepatikana popote duniani ila kisiwani kwetu. Nilikuwa na taa ya aina hiyohiyo, imezibwa pande zote, nzuri ya kutazama, swichi yake ni ya kugusa tu kwa ncha ya kidole. Nimetoka nayo Konde ndani ya begi, imebanana na chupa za maji. Kwa mitikisiko ya njia ile ikajiwasha mwenyewe humo begini. Kufika getini natia mkono nakuta kesi imepata moto, plastiki upande mmoja imelainika, kidole kinaacha alama. Mwanga umeshafifia.

Tumeingia. Bundi keshaanza kuita, yuko juu ya mkono wa kulia. Nyuma yangu kuna mama wa Kitaliano mtu mzima, anapapasa mizizi kwa miguu. Kile kitaa chekundu kikapepesa mara tatu, basi, kiza. Ngezi usiku huoni kiganja chako. Betri ya akiba hata ningekuwa nayo mfukoni ningeitia wapi, na taa haifunguki? Tumetoka kwa tochi ya simu ya yule mama, kila mmoja kamshika mwenziwe bega, na simu yenyewe chaji inaishia. Bundi hatukumuona. Nililazimika kuwarudishia nusu ya fedha yao.

Aliyeniuzia nilimrejeshea, akaniambia dhamana haihusu joto. Kwa hiyo fundi, kabla ya betri nakuomba utazame swichi. Iwe ya kusukuma au ya kubonyeza kwa nguvu, na iingie ndani ya kesi kidogo, isiguswe na kitu. Na betri itoke.

Chukwani_88
Ndiyo maana nilisema 18650. Na ukiifanya ya kifuniko cha skrubu, mtu akilegeza robo ya mzunguko umeme unakatika. Hapo haiwaki begini hata uipige teke.

BiMlandege
Mimi nauza vitu hivi, kwa hiyo nakwambieni ninayoyaona mezani kwangu. Ukisema betri itoke, mteja atakwenda kununua ya kubadilishia. Ataletewa ile imeandikwa mAh 9,900. Hakuna 18650 ya mAh 9,900 duniani. Nzuri nyingi zinaishia 3,500 na kidogo. Hizo za uongo zichukue uzipime kwenye mizani ya dhahabu: ya kweli ina gramu 45 na zaidi, ya uongo mara nyingi ni nyepesi mno, ndani wameweka kibetri kidogo na kujaza unga. Mteja ataitia kwenye taa yako, itazima baada ya saa moja, na jina litakaloharibika ni lako wewe fundi, si la aliyemuuzia betri.

Kwa mgeni wa Paje afadhali ya ndani. Kwa mtu wa Pemba afadhali AA. Hiyo 18650 haina mwenyewe hapa.

NahodhaWaKojani
Bi Mlandege kasema kweli. Mimi nasimama na AA. Watu wa dago, yaani kambi ya wavuvi, wanakaa kisiwani wiki mbili tatu, hakuna plagi, hakuna sola, chumvi inaingia kila mahala. Tundu la chaji la USB kule linashika kutu ya kijani, vile vipini vya ndani vinakatika kimoja kimoja. Betri za duka unazifunga kwenye mfuko wa nailoni na maisha yanaendelea. Hata kambi za karafuu ni hivyo hivyo, duka la kijijini lina betri za AA kabla halijawa na mkate.

BintiWete
Ami, kwa heshima, betri tatu za AA kila baada ya siku chache ni fedha ngapi kwa msimu? Na zikisha zinatupwa wapi? Nimeziona pwani ya Tumbe zimepasuka zinatoa maji meupe. Fundi aweke kizibo cha mpira kwenye tundu la USB, mambo yamekwisha.

NahodhaWaKojani
Mwanangu, kile kizibo ndicho cha kwanza kukatika. Kila simu isiyoingia maji niliyowahi kuiona, kimekatika.

MjiMkongwe_Mzee
Mnanikumbusha Disemba 2009. Umeme ulipokatika Unguja nzima mpaka Machi 2010, sisi tulikuwa tunatafuta kandili na mafuta ya taa. Taa za kuchaji zilikuja kwa wingi madukani baada ya hapo. Kabla yake kila nyumba ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari na haikujitayarisha. Kila nyumba iwe na taa kama hiyo ya fundi, si wasafiri tu.

NahodhaWaKojani
Unguja nzima, sio Zanzibar nzima. Pemba wakati ule hatukuwa kwenye waya wenu, tulikuwa na jenereta zetu za dizeli. Wa kwetu kutoka Tanga umefika 2010.

MjiMkongwe_Mzee
Jenereta zenyewe zilikuwa zinawaka saa ngapi kwa siku? Tuseme ukweli.

NahodhaWaKojani
Zilikuwa za mgao, lakini hatukukaa miezi mitatu kizani.

MjiMkongwe_Mzee
Na 2008 karibu mwezi mzima vilevile. Hilo mimi silikatai, nilikuwepo.

MaalimWaUmeme
Wazee wangu, turudi kwenye taa ya kijana, mzigo unafungwa wiki ijayo.

Fundi, mgeni wa ndege umemsahau. Betri ya lithiamu ya akiba, iliyo peke yake nje ya taa, haikubaliwi kwenye begi la kutia chini ya ndege, lazima aingie nayo ndani. Kikomo ni wati-saa 100 na wewe uko 11, kwa hiyo ukubwa si tatizo. Kwa ile ya kutoka, weka karatasi ndogo ndani ya boksi inayomueleza mteja hivyo. Na je, mzigo wako wa Guangzhou ni wa meli au wa ndege? Betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege ya abiria tangu 2016. Muulize wakala wako leo, usingoje.

FundiKikwajuni
Ni meli, nimeshamuuliza. Maalim, hapo kwenye USB-C nina tatizo. Sampuli niliyopewa nikiichaji kwa waya wa simu yangu wa kizamani inakubali, nikitumia chaja mpya yenye tundu la C pande zote mbili haichaji kabisa.

MaalimWaUmeme
Waliobana matumizi hawakutia rizista mbili za ohmu 5,100 kwenye zile njia mbili za CC, ambazo chaja inatambulia kifaa. Chaja ya C haitoi umeme mpaka izione. Ni vitu vya senti, lakini bila ya hivyo mgeni atakuja na chaja yake, taa haitachaji, na atasema mbovu. Waambie wazitie mbili, moja kila njia. Wakikuambia moja ya pamoja inatosha, kataa.

BintiWete
Mimi bado niko kwenye rangi. 6500 ni rangi ya duka la dawa. Ukiiwasha barazani wadudu wote wa Wete wanakuja, kwa sababu ule ubluu ndio wanaoufuata zaidi. Tia ya 2700 au 3000, ile ya kimanjano. Mtu anataka kulala nayo, si kufanyiwa operesheni.

MlinziWaMisali
Dada kanitangulia, mimi niongeze. Kama taa hii itauzwa kwa wageni wanaolala pwani, iwe na mwanga wa kaharabu au mwekundu. Vitoto vya kasa vikitoka shimoni usiku vinaelekea penye mwanga zaidi, na kwa maumbile ni baharini. Ukiwasha nyeupe kali ufukweni vinageuka, vinapanda juu ya mchanga vinakufa kwa jua la asubuhi au vinaliwa na kaa. Na kasa mama akiona mwanga huo anarudi baharini bila ya kutaga. Misali wanataga kasa na ng'amba, na Mnemba kasa vilevile. LED moja ya kaharabu haina gharama ya kukuumiza.

MtembezaMakangale
Naunga mkono. Na nyekundu haikuharibii macho, ukiizima bado unaona njia. Bundi pia hashtuki upesi.

NahodhaWaKojani
Nyekundu kwa dagaa haifai lakini. Dagaa wanataka nyeupe.

MlinziWaMisali
Nahodha, hii ni ya kiganjani, hakuna atakayevulia dagaa.

NahodhaWaKojani
Hujawaona vijana wa Kojani. Chochote kinachowaka wanakitia baharini.

FundiKikwajuni
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Swichi nimeshaamua, itakuwa ya kusukuma na ndani ya kesi. Rizista mbili nimeshawaandikia. Rangi nafikiria LED mbili, moja 3000 na moja ya kaharabu, nangoja bei. Betri ndiyo bado. Moyo unaniambia fosfati lakini iliyofungwa kwa skrubu nne na plagi ndogo, si kuchomelewa, fundi yeyote wa Darajani afungue na kubadilisha. Maji hapo sijui nitayazuia vipi.

Chukwani_88
Mpira wa duara na grisi ya silikoni. Lakini 18650 bado ni bora.

BiMlandege
Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ukitia hizi za kawaida, mwaka mmoja hazifunguki tena. Na LED ya kaharabu ukishajua bei niambie, nataka kumi za kuanzia kwa wateja wangu wa Nungwi.

MjiMkongwe_Mzee
Mimi niwekee mbili, za betri ya aina yoyote.

BintiWete
Fundi, hujasema bado uzito.