Wakazi wa Korti: Mchango wa Tangi la Maji

Mama Neema (nyumba 12), saa 1:04 usiku: Hamjambo majirani. Juzi niliulizwa kwa ujumbe iwapo nitachangia tangi jipya, nami nikaandika "hapana", kwa kuwa bado ninalipa karo. Leo asubuhi nimepokea ujumbe unaonishukuru kwa kukubali. Ningependa kujua ni nani aliyenikubalia.

Mwenyekiti, saa 1:09: Pole, Mama Neema. Orodha niliyopewa na Brian inaonyesha kwamba nyumba zote 36 zilizojibu zimekubali, nami nikafurahi bila kujiuliza, ingawa korti hii haijawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya geti.

Mzee wa nyumba 3, saa 1:10: Mimi niliandika "La".

Brian, saa 1:16: Habari za jioni, wazazi wangu. Kosa ni langu. Programu ya kuhesabu majibu niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na kila jibu nikalipitisha kwenye amri yake ya bool() nikitarajia igeuze maneno kuwa kweli au si kweli, kumbe bool() haisomi maana ya neno hata kidogo, bali huangalia tu kama kuna chochote kilichoandikwa. Matini tupu huwa si kweli. Yoyote isiyo tupu, hata kama ni nafasi moja tu, huwa kweli. Nimejaribu sasa hivi bool("hapana") ikanipa True, yaani kweli, na bool("False") vilevile.

Mama Neema, saa 1:18: Kwa hiyo kukataa kwangu kungehesabiwa tu kama ningenyamaza.

Baba Imani (nyumba 20), saa 1:23: Ungetumia Java, lugha nyingine ya programu, Brian, ungeangukia upande wa pili. Amri yake ya Boolean.parseBoolean hulitambua neno "true" pekee, liwe kwa herufi kubwa au ndogo, na kila kinginecho hukifanya si kweli bila kulalamika, kwa hiyo Mwenyekiti angeletewa nyumba 36 zilizokataa. Python yenyewe ilikuwa na amri ya strtobool ndani ya distutils, mojawapo ya maktaba zake, ambayo ilikubali "yes", "on", "1" na wenzao, na neno isilolijua ililikataa kwa taarifa ya kosa. Iliondolewa pamoja na distutils katika toleo la 3.12, mwaka 2023, na hata hivyo "ndiyo" isingeijua.

Brian, saa 1:31: Nimeyafungua majibu yenyewe. Kuna "Ndio", "Ndiyo", "NDIYO." yenye nukta, "ndiyo" iliyofuatwa na nafasi, "sawa", "hamna shida", na "tutaona mwisho wa mwezi". Nitaondoa nafasi na nukta za pembeni, nigeuze herufi zote ziwe ndogo, kisha nitafute ndani ya jibu: likiwa na "la" au "hamna", ni kukataa.

Baba Imani, saa 1:34: Usitafute ndani ya jibu! Aliyeandika "nitatoa kila mwezi" ana "la" katikati ya "kila", na "hamna shida" ni kukubali kwa moyo mweupe. Linganisha jibu zima na orodha mbili fupi, moja ya kukubali na moja ya kukataa, na lisilokuwemo liwekwe kando bila kukisiwa. "Sawa" nalo liweke kando, kwa maana hapa kwetu mtu huliandika kuonyesha tu kwamba ujumbe ameuona.

Mwenyekiti, saa 1:36: "Tutaona" ihesabiwe kuwa ndiyo. Huyo anangoja mshahara.

Baba Imani, saa 1:37: Mwenyekiti, hivyo ndivyo Mama Neema alivyokubaliwa.

Brian, saa 1:52: Nimerekebisha. Waliokubali ni 19, waliokataa ni 11, na 6 nitawapigia simu mmoja mmoja. Mama Neema na Mzee, niwieni radhi.

Mwenyekiti, saa 1:54: Na huyo wa "tutaona" ni wa nyumba gani?

Mama Zawadi (nyumba 27), saa 1:55: Ni mimi, Mwenyekiti. Brian anipigie tarehe 30, si kabla.